Jicho la Angani: Kutoka Rufiji na Upare Hadi Semuliki

Ndugu msikilizaji, mtu akisimama Bendera, kule wilayani Same, akaupa mlima mgongo, macho yake huenda mbali sana. Mbele yake ni bonde la mto Mkomazi, na ng'ambo ya bonde ni nyika inayoendelea bila kikomo mpaka Tsavo, nchini Kenya. Akigeuka nyuma, macho yanagota. Ni ukuta wa milima ya Upare ya kusini, makorongo na migomba, na huko juu kabisa msitu wa Chome na kilele cha Shengena, chenye kimo cha zaidi ya meta 2,400, ambacho siku nyingi kimejifunika ukungu kama mtu aliyejifunika shuka asubuhi ya baridi.

Nimeanza na Bendera kwa makusudi. Mahali pale pana nchi ya aina mbili: nchi inayoonekana na nchi inayoficha. Na mazungumzo yetu ya juma hili ni juu ya chombo kilichobuniwa kwa ajili ya hiyo nchi ya pili, yaani helikopta ndogo isiyo na rubani, ambayo majeshi huituma kupeleleza na kulinda doria.

Wengi wetu siku hizi tumekwisha kuviona vyombo vya jamaa hiyo. Vile vidude vya mapanga manne vinavyovuma juu ya maharusi na juu ya mikutano ya kampeni ni wadogo zake. Watoto huvikimbilia, wazee huvitazama kwa mashaka. Mimi nipo upande wa wazee, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu habari ya kutazamwa kutoka angani si ngeni katika nchi hii. Ilianza kwetu mapema kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tarehe 20 Septemba 1914, mwezi wa pili wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliingia Unguja alfajiri, ikaipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikifanyiwa matengenezo, mpaka ikazama. Kisha Königsberg ikatoweka. Waingereza waliitafuta pwani nzima, na mwishoni mwa Oktoba wakajua kwamba imejificha katika delta ya mto Rufiji. Kujua hivyo ni jambo moja, kuiona ni jambo jingine. Delta ya Rufiji ni mikono mingi ya mto iliyosokotana ndani ya mikoko, na Wajerumani walikuwa wamekata matawi wakaipamba meli yao mpaka mlingoti. Meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji.

Basi wakamkodi rubani wa kiraia aliyeitwa Cutler, ambaye alikuwa Durban, Afrika Kusini, akirusha ndege kwa maonyesho ya kujipatia riziki. Alikuja na ndege yake ya aina ya Curtiss, yenye kutua majini, na mwezi Novemba 1914 akaruka juu ya delta na kuiona ile manowari. Huo, ndugu msikilizaji, ni miongoni mwa mianzo ya upelelezi wa angani wa kivita katika ardhi yetu: mtu mmoja aliyezoea kuwafurahisha watazamaji, ndani ya chombo kilichokuwa kikivuja. Mwezi uliofuata injini ilimwangusha mtoni, naye akatekwa.

Zikaletwa ndege nyingine. Za aina ya Sopwith zilizofika Februari 1915 zilishindwa na joto letu: gundi iliyeyuka, mbao zikapinda, na ndege ikawa haiwezi kupanda juu kiasi cha kutosha. Zikaja za aina ya Short, nazo zikapiga picha lakini zikiruka chini mno, ndani ya mlio wa bunduki. Mwishowe zikaletwa ndege za nchi kavu na kuwekewa uwanja kisiwani Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 meli mbili bapa za mizinga, Severn na Mersey, ziliingia mtoni huku ndege ikizunguka juu na kuwaelekeza wapigaji: ongeza, punguza, kushoto, kulia. Siku ile walikosa. Wakarudi tarehe 11. Ndege ya Cull na msaidizi wake Arnold ilipigwa, ikaanza kushuka, lakini Arnold hakuacha kutuma maelekezo yake wakati ndege inakwenda chini, mpaka ikaangukia mtoni nao wakaokolewa na Mersey. Königsberg iliharibika vibaya, na nahodha wake akaamuru ilipuliwe.

Angalia hesabu hiyo. Rubani aliiona manowari mwezi Novemba. Ikafa mwezi Julai. Miezi minane, ndege kadhaa na kisiwa kizima vilihitajika ili kile kilichoonekana kiweze kupigwa. Nalisema hili kwa sababu watengenezaji wa vyombo hivi, jana na leo, hupenda kutuambia kwamba kuona ni sawa na kushinda.

Sasa twende Upare, nayo njia imekwisha kutengenezwa na Königsberg yenyewe. Manowari ile ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105. Wajerumani waliitoa majini, wakaitia magurudumu, ikasambazwa nchi nzima. Mmoja ulifikishwa Kahe, karibu na Moshi, na ulikuwapo pale majeshi ya Jenerali Smuts yalipoiteka Kahe tarehe 21 Machi 1916. Mzinga wa baharini ulipasuliwa na wenyewe chini ya Kilimanjaro, katika mlango wa kuingilia Upare.

Smuts alikuwa na macho ya angani. Kikosi cha 26 cha ndege za Kiingereza, ambacho wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini, kilifika Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na kuweka uwanja wake Mbuyuni, upande wa Taveta. Ndege zake zilikuwa za aina ya BE2c, zenye kuchukua watu wawili, mbio zake kilometa mia moja na kidogo kwa saa. Kwa ndege hizo Mbuyuni na Same si mbali. Masika yalisimamisha vita kwa majuma kadhaa, na yalipopungua, mwezi Mei, Smuts alianza kuteremka kuifuata reli ya Tanga.

Waliokuwa wakimngojea ni askari wa Meja Kraut. Mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekwisha kuondoka na sehemu kubwa ya jeshi kwenda Kondoa. Kraut alikuwa amejichimbia upande wa Lembeni, mahali ambapo reli na mlima vinakaribiana, akitumaini Smuts atamjia usoni. Smuts hakumjia usoni. Aligawanya jeshi katika safu tatu: moja, iliyo kubwa, ikafuata mto Pangani, ya pili, ya Jenerali Hannyngton, ikafuata reli, na ya tatu, ndogo, ya askari wa KAR, ikatokea Mbuyuni na kupenya pengo la Ngulu ili itokee nyuma ya Lembeni. Kraut alipoona anazungukwa alipanda treni na kurudi nyuma, aking'oa reli na kuvunja madaraja. Safu ya Hannyngton ilipofika Same iliiacha reli, ikapinda kupita upande wa mashariki wa mlima, njia ya Gonja, na kuteremka na bonde la Mkomazi. Msikilizaji wa Ndungu, Kihurio na Bendera anaifahamu njia hiyo. Ni hiyohiyo anayopita leo akienda Same kufuata mahitaji yake. Mwisho wa mwezi Mei jeshi lilikuwa Buiko. Maili zaidi ya mia moja kwa siku kumi au karibu yake.

Wapo wanaousifu mwendo huo, na kwa kweli ulikuwa mwendo wa ajabu. Lakini ulizeni ulizaa nini. Smuts alikuwa akitafuta kumzingira Kraut na kummaliza, naye Kraut kila mara aliponyoka. Ndege za Mbuyuni ziliruka mbele ya safu kila hali ya hewa iliporuhusu. Ziliweza kuona reli, kuona treni, kuona handaki lililochimbwa mahali peupe. Lakini chini ya miti ya miiba ya bonde lile, jeshi zima linaweza kukaa mchana kutwa na ndege isione kitu ila vichaka. Askari aliyesikia mngurumo alikuwa na nafasi ya kutosha kuingia kivulini na kukaa kimya. Ndege ilipita, haiwezi kusimama. Askari akatoka akaendelea na safari yake. Upande wa mlimani mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa rubani, maana ukungu wa Upare haungoji ruhusa ya mtu.

Kilichowaongoza wale wa chini kilikuwa miguu na masikio: wapelelezi wenyeji, wachunga mifugo, watu waliojua kisima kiko wapi na kama kina maji. Ramani zilizokuwapo zilikuwa mbovu. Kati ya Same na Mkomazi, mtu mmoja mwenye kuijua njia ya maji alikuwa na thamani kuliko ndege mbili. Majina yao hayakuandikwa. Majina ya marubani yapo.

Wala vita havikuishia hapo. Smuts aliondoka mwanzoni mwa 1917 akidai kazi karibu imekwisha. Von Lettow-Vorbeck aliendelea kuzunguka mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, akaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Miaka karibu mitatu ndege zilimtafuta na hazikummaliza. Kuna watu wanaomwimbia sifa kwa hilo. Mimi simo. Chakula cha askari wake kilitoka katika ghala za wakulima wetu, mizigo yake ilikaa juu ya vichwa vya wapagazi, na upande wa Waingereza ni hivyohivyo; Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la jeshi lao la wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Nimekaa sana Upare kwa sababu matatizo yote ya chombo tunachokizungumzia yalionekana pale. Ndege ya mabawa haiwezi kusimama. Haiwezi kushuka taratibu na kuchungulia nyuma ya mti. Inahitaji uwanja. Inaunguruma na kujitangaza. Na ndani yake yumo mtu ambaye akianguka atakufa au kutekwa, kama Cutler. Mhandisi yeyote aliyeziweka pembeni shida hizo tano na kuziangalia, angeomba kitu kinachoweza kuning'inia hewani mahali pamoja, kinachoruka na kutua kwenye kiwanja cha nyumba, na ambacho hakimbebi mtu.

Kitu hicho kilianza kupatikana mwaka 1960. Tarehe 12 Agosti mwaka huo, Marekani, helikopta ya kampuni ya Gyrodyne iliruka bila mtu ndani yake. Iliitwa QH-50, ilikuwa na mapanga mawili yaliyopandana, yanayozunguka kila moja upande wake, na kazi yake ya kwanza haikuwa kutazama bali kubeba topido za kuulia nyambizi. Zilitengenezwa zaidi ya mia saba. Zaidi ya nusu zilipotea baharini, kwa sababu mawasiliano yalikatika au mitambo ilikosea. Ila katika vita vya Vietnam mabaharia walizitundikia kamera za televisheni ili kuona makombora yao yanaangukia wapi, na hapo ikawa imerudiwa kazi ya Arnold juu ya Rufiji, safari hii bila Arnold. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wakanada walitengeneza yao yenye umbo la ganda la karanga, na watu wakaiita hivyo, karanga inayoruka. Haikufika mbali.

Sasa hapa nataka msikilizaji wa Ndungu asogeze redio karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Japani ilisaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya mpunga pale Ndungu. Wapare wa bonde lile wakapata mifereji na mashamba yaliyosawazishwa. Miaka hiyohiyo huko kwao Japani vijana walikuwa wakikimbilia mijini, mashamba ya mpunga yakabaki na wazee, na kampuni ya Yamaha, hii tunayoijua kwa pikipiki na injini za mitumbwi, ikatoa mwaka 1987 helikopta ndogo isiyo na rubani ya kunyunyizia dawa mpunga. Mkulima alisimama tutani na kisanduku cha kuongozea mkononi. Toleo lililofuata, RMAX, lilikuwa bora zaidi, na mlima wa volkano wa Usu ulipolipuka mwaka 2000, chombo hicho kilitumwa kuchungulia mahali ambapo mtu hangeweza kwenda.

Mpaka hapo ni jembe. Lakini askari wa Japani walipokuwa Samawah, Iraq, walikwenda nazo kwa ajili ya kulinda kambi yao. Na mwezi Januari 2006 polisi wa Japani walivamia ofisi za Yamaha kwa tuhuma kwamba kampuni ilitaka kuuza helikopta za aina hiyo China bila kibali, kinyume cha sheria ya vifaa vinavyoweza kutumika vitani. Chombo cha mpunga, bila kubadilishwa hata msumari, kilikuwa kimegeuka kuwa siri ya kijeshi. Nadhani hapo ndipo historia yake yote ilipo. Toa pipa la dawa, weka kamera, nawe una mpelelezi.

Waliokwenda mbele zaidi ni Waaustria. Kampuni ya Schiebel, ambayo ilijulikana kwanza kwa vyombo vya kugundua mabomu ya ardhini, ilitoa Camcopter S-100: urefu wake meta tatu na kidogo, uzito wake ikiwa na mafuta na mzigo kilo 200, na inaweza kukaa hewani saa sita. Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa hiyo ndugu zetu walioko Ghuba ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuishi chini ya chombo hicho. Mwaka 2014 meli ya msaada kutoka Malta iliitumia kutafuta mashua za wahamiaji katika bahari ya Mediterania, na waliokuwa ndani ya mashua hizo wengi walikuwa watu wa pande zetu, Waeritrea na Wasomali. Yaani jicho lilelile. Siku moja linamtafuta adui, siku nyingine linamtafuta anayezama. Mwaka huohuo waangalizi wa amani waliipeleka mashariki ya Ukraine. Lakini isifikiriwe kwamba ni malaika: tarehe 10 Mei 2012, huko Incheon, Korea ya Kusini, moja ilianguka wakati wa majaribio na kumwua mhandisi.

Na kuna ile ndogo kabisa, ambayo mtu akisimuliwa hudhani anataniwa. Wanorwe wameitengeneza, inaitwa Black Hornet, nyigu mweusi. Ile iliyoingia Afghanistan na askari wa Uingereza ilikuwa na urefu wa sentimeta kumi na uzito wa gramu 16, pengine sawa na sukari ya kijiko kimoja cha mezani kilichojaa. Askari anaitoa mfukoni, anaiachia, inaruka juu ya ukuta, inamwonyesha katika kioo kidogo kilichopo ng'ambo, inarudi. Dakika ishirini na tano betri imekwisha. Kelele yake ni ndogo mno. Yule askari wa Kraut aliyesikia mngurumo na kuingia chini ya mgunga, leo asingesikia kitu, na huo mgunga usingemsaidia.

Je, vyombo hivi vimefika kwetu? Vimefika, na vimekuja na bahari. Mwaka 2011, maharamia walipokuwa wakiteka meli mbele ya pwani ya Somalia, manowari ya Marekani iitwayo Halyburton ilikuja upande huo ikiwa na helikopta zisizo na rubani za Fire Scout. Hizo si ndogo sana, uzito wake unapita tani moja, lakini kazi ni ileile: kuruka kutoka sitaha, kusimama angani mbali na jahazi, na kutazama kama vilivyomo ni nyavu au ni bunduki na ngazi za kupandia meli. Mvuvi wa kweli wa Kisomali naye alitazamwa vivyo hivyo. Hakuna aliyemwuliza.

Suala hili la kuulizwa liliibuka mezani mwaka 2013, pale Umoja wa Mataifa ulipotaka kupeleka ndege za upelelezi zisizo na rubani Kongo ya mashariki. Rwanda ilisema Afrika isigeuzwe maabara ya vyombo vya upelelezi vya wageni. Wengine walisema Rwanda ina sababu zake za kutopenda mpaka wake utazamwe. Huenda, lakini hoja mbaya na hoja nzuri zinaweza kutoka katika kinywa kimoja, na ile ilikuwa hoja nzuri.

Sisi Watanzania tulihusika. Kwa azimio namba 2098 la Machi 2013, Baraza la Usalama liliunda brigedi ya kuingilia kati, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Vijana wetu walipigana na M23 kuzunguka Goma, na baadhi yao hawakurudi. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 walitangaza kuacha vita. Zile ndege, aina ya Falco kutoka Italia, zilizinduliwa Goma tarehe 3 Desemba 2013. Yaani macho yalifika karibu mwezi mmoja baada ya mshindi kujulikana.

Nazo hazikuwa helikopta. Zilikuwa na mabawa, zikahitaji uwanja wa Goma kurukia na kutulia, na Januari 2014 moja ikaanguka. Sizibezi. Mwezi Mei 2014 moja wapo ilikuwa ikipita juu ya ziwa Kivu, ikaona mashua inazama, na boti za Umoja wa Mataifa zikawahi kuokoa watu zaidi ya kumi. Watu hao wana haki ya kuisifu. Lakini ziwa ni mahali peupe, kama nyika ile iliyo mbele ya Bendera. Kazi ngumu ilikuwa kaskazini, katika wilaya ya Beni, ambako waasi wa ADF wanaishi ndani ya msitu, hawana kambi ya kuonekana, wanatembea kwa makundi madogo na kuua wanavijiji kwa mapanga.

Katika msitu huo, jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wa Tanzania iliyokuwa karibu na daraja la Semuliki ilishambuliwa. Wavamizi walikuwa wengi, walikuwa na silaha nzito, na walikuwa wamejipanga. Kundi kubwa kiasi hicho halianguki kutoka mbinguni. Limekusanyika mahali, limekula mahali, limetembea kwa miguu mpaka kwenye ua wa kambi. Mapigano yaliendelea kwa saa kadhaa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa Machi 2018 ulihesabu askari 15 wa Tanzania waliouawa, 43 waliojeruhiwa, na mmoja ambaye alikuwa hajulikani alipo. Lilikuwa shambulio baya kuliko yote yaliyowahi kuwapata walinzi wa amani kwa muda mrefu. Miili ililetwa Dar es Salaam mwezi huohuo.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo wanaouza nyigu wa gramu 16 wanapopata mahali pa kusemea. Watasema: kikosi kingekuwa na helikopta ndogo mfukoni, mlinzi wa zamu angeichungulisha chini ya miti ya Semuliki saa kumi alasiri na kuona kinachokuja. Siwezi kuwapinga moja kwa moja. Kama ningekuwa na mwana katika kambi ile ningetaka awe nayo, tena awe nazo mbili. Lakini someni walichosema wachunguzi. Walisema hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu au kuwatoa askari walioshambuliwa. Walitaja udhaifu wa amri na uongozi, na upungufu wa usafiri wa anga, wa wahandisi na wa habari za upelelezi. Chombo kidogo kingegusa jambo moja tu katika hayo, lile la mwisho. Nani angepokea picha? Nani angeiamini? Nani angeruka na helikopta kubwa, yenye watu ndani, kwenda kuwasaidia usiku ule? Arnold alituma maelekezo yake akiwa anaanguka, na yalifaa kwa sababu mtoni zilikuwapo meli mbili zilizokuwa zikimsikiliza.

Kisha kuna wale wa vijijini. Kabla ya shambulio lolote katika wilaya ya Beni huwapo mkulima aliyekuta nyayo shambani, mama aliyekuta mihogo imechimbwa, mtoto aliyesikia lugha ngeni mtoni. Hao ndio wale wapelelezi wa bonde la Mkomazi wa mwaka 1916 wasioandikwa majina. Hawataleta habari kwa mtu wasiyemwamini, na chombo kinachovuma juu ya paa lao bila salamu hakiwafanyi wamwamini aliyekituma.

Kwetu Tanzania, anayetaka kurusha vyombo hivi hana budi kupata kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na wizara ya ulinzi nayo lazima iridhie. Wapiga picha za maharusi hulalamika kwamba utaratibu ni mrefu. Mimi ningependa urefu huo uongezwe kitu kimoja: kwamba pale chombo kitakaporushwa juu ya kijiji kwa siku kadhaa, kwa doria ya mpaka au ya hifadhi ya Mkomazi au kwa lolote, serikali ya kijiji iambiwe kabla, na iambiwe picha zinakwenda kwa nani. Watu wa Bendera hawakuambiwa kitu mwaka 1916. Ndege zilitoka Mbuyuni, zikapita, na nyuma yake likaja jeshi.

Uwanja wa Goma, ambako zile Falco zilirukia, uliangukia mikononi mwa M23 haohao mwishoni mwa Januari 2025. Kwa leo nakomea hapo, ndugu msikilizaji.